Hodi ya Tatu

Seva ni laptopu ya zamani ya Swabra, iliyokufa kioo.
Nimeiweka kidakani, pale nyanya alipopanga
sahani zake za kichina. Hunguruma kama paka aliyeshiba.
Nimeifunika kanga kuikinga na chumvi;
shangazi Mwanakuu asema nimeikafini.

Tulihamia humu kwa sababu ya picha moja.
Maneno ya mirathi, ya nyumba ya Mkomani,
yaliyosemwa usiku, baina yetu wenyewe,
yalipigwa picha yakatoka, na asubuhi
muuza mahamri wa Langoni akanipa pole.
Kila mtu alimtazama ami Lali.
Ami Lali akatazama makubadhi yake.
Nikasema basi, najenga baraza letu,
mlango wetu, ufunguo wetu.

Kujenga! Wallahi sikujua.
Wiki ya kwanza stima ilikatika mara tisa.
Ya pili nikagundua kuta hizi za matumbawe
humeza mtandao kama zilivyomeza siri za mabibi;
nikapitisha waya dirishani hadi uchochoroni,
punda wa kokoto akaondoka nao mpaka kwa seremala.
Ya tatu, cheti kikaisha muda.
Cheti cha nani? akauliza shangazi.
Cha usalama.
Kimetolewa na nani?
Na watu.
Watu gani?
Simu ilimwambia hapa si pahali salama,
naye huamini akiambiwacho na simu.

Toleo jipya lilikuja usiku, nikalikubali na usingizi.
Likala picha zote za harusi ya Swabra.
Akiba? Ilikuwepo. Ndani ya mashine ile ile.

Mbona haitoi mlio.
Mbona sauti yangu imekatika katikati ya dua.
Swabra, kutoka Jeddah: kaka, ujumbe wako
umeandikwa mwaka wa sabini, wewe hujazaliwa.

Wakatoka mmoja mmoja, pasi na kuaga,
kama watu kwenye hitima pilau ikichelewa.
Kufika mwezi wa mlisho tumebaki wawili,
mimi na shangazi, anitumiaye kutoka jikoni:
*Ndoo na ndimu.*
Ujumbe hupita kidakani, hupanda ngazi,
hunifikia baada ya dakika kumi.
Angeliita tu.

Jana nilikata shauri niizime.
Kabla ya kuizima nikafungua daftari lake,
lile inamoandika kila anayegusa mlango,
ambalo sikuwahi kulisoma. Nani hulisoma?
Roboti za kila pembe ya dunia, zikitikisa vitasa.
Na kati yao, kila usiku, punde baada ya isha:

lali. Nywila si sahihi.
lali. Nywila si sahihi.
lali. Nywila si sahihi.

Kisha mstari mwekundu: amefungiwa hadi kesho.

Miezi minne.

Nilimwandikia ile nywila nyuma ya risiti ya duka,
na sifuri yangu na o yangu ni mapacha.
Na ile sheria niliitunga mwenyewe, nikajiona mwerevu:
ajaribuye mara tatu akashindwa, huyo mwizi.
Mimi, niliyelelewa mji ambao muungwana
hupiga hodi tatu, asipoitikiwa hurudi,
wala hanuni.

Nimemfungulia. Nimebadili nywila iwe nyepesi,
herufi tupu, bila sifuri.
Lakini nywila haijipeleki. Nimeikunja mfukoni
nikashuka kwa miguu hadi Wiyoni,
na sijui hadi sasa kama ni yeye aliyepiga ile picha,
na sijui kama nitamuuliza.

Stima imekatika tena, mji mzima.
Kidakani, chini ya kanga, kimya.
Nimesimama kwenye daka la ami Lali.
Kupitia ufa wa mlango naona mwanga mdogo wa simu,
na kidole kikiandika polepole.

Hodi.

Hodi.